Nchi ya Kubuni Nayo Ina Sheria Zake

Miaka mingi iliyopita, nikifundisha Kiswahili katika shule moja huku Runyenjes, mwanafunzi wangu aliandika insha kuhusu nchi iliyo chini ya kidimbwi. Mto wake ulipanda mlima usiku na kushuka mchana, nao wenyeji walilipa kodi kwa kusimulia ndoto zao. Nilitwaa kalamu nyekundu nikaandika: "Haya hayawezekani." Tangu siku hiyo hakuniandikia ila ajali za barabarani na mikutano ya hadhara.

Nilimkosea, na leo naungama ili walimu wenzangu wasitumbukie katika shimo lilo hilo.

Hebu tujiulize: mbona tuliosoma Kusadikika hatukumshika Shaaban Robert atueleze nchi yaweza vipi kuwa angani? Ni kwa sababu nchi ile ina baraza, ina mashtaka, na ina wajumbe waliotumwa pande sita ambao waliporudi na habari njema walitiwa gerezani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Msomaji akishayaona hayo, haulizi tena habari za anga. Naye Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alitujengea nchi ya mbali ambayo jina lake lenyewe linanong'ona: wale ni sisi.

Basi swali la mwalimu lisiwe, "Je, yawezekana?" bali, "Je, yanaafikiana?" Ikiwa mto hupanda mlima usiku, mvuvi hutega lini? Asiyeota hulipa kodi gani? Mwanafunzi akiweza kujibu, amejenga nchi. Akishindwa, amepamba ukurasa tu.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba maajabu hayana budi kuagizwa kutoka Ulaya pamoja na ngome zake za mawe. Hata theluji, mkiitaka, iko juu ya Mlima Kenya. Wazee wetu husimulia kwamba Mwenendega alimkuta mkewe mahali pa kuogea, papa hapa Runyenjes, na kwamba Waembu ni uzao wao. Yamkini kidimbwi cha mwanafunzi wangu kilitoka katika masimulizi hayo, nami, mzaliwa wa hapa, sikukitambua!

Mwanafunzi yule sasa ni mtu mzima. Nikijaliwa kuonana naye, sitamwomba radhi kwa maneno matupu. Nitamwuliza swali nililopaswa kumwuliza siku ile: yule asiyeota, alilipa nini?