Milima Tunayo, Reli Hatuna: Jinsi ya Kujitayarisha kwa Safari ya Treni Milimani

Mtoto wa Masisi hana haja ya kufundishwa mlima ni nini. Afunguapo mlango asubuhi, huona vilima vya majani mabichi vimepangana, ng'ombe malishoni, na ukungu umelala bondeni. Na ndugu yake wa Walikale, kule milima inakoteremka hadi msituni, huijua vema mito itokayo huko juu. Lakini wengi wao hawajapata kuona reli hata siku moja. Kwa hiyo wanafunzi huuliza maswali mawili: Mbona treni haikufika kwetu? Na mtu akitaka kuitazama milima kwa dirisha la behewa, aende wapi, na ajitayarishe namna gani? Ukilijua jibu la swali la kwanza, la pili halitakushinda.

Kwa nini reli haikupanda kwetu

Yafaa kujua kwanza kwamba reli nyingi za Afrika hazikujengwa ili watu watazame nchi. Zilijengwa kwa ajili ya mizigo. Katika Kongo njia kubwa ya mizigo ilikuwa mto, na reli iliwekwa pale ambapo maporomoko yaliwazuia wenye meli. Ndiyo sababu ilijengwa reli ya Matadi hadi Kinshasa, iliyoanzwa mwaka 1890 na kumalizika mwaka 1898, na watu wengi mno walikufa kwa maradhi na kazi ngumu katika milima ya Matadi. Ndiyo sababu tena ya reli ya Kisangani hadi Ubundu, iliyomalizika mwaka 1906, na ile ya Kindu hadi Kongolo, ya mwaka 1911. Maji ya Masisi na Walikale, yakisha kukusanywa na mto Lowa, huingia Lualaba kabla ya Ubundu. Basi maji yetu hufika penye reli, bali sisi wenyewe tumebaki milimani.

Katika Kivu reli moja ilijaribiwa. Kati ya vita kuu mbili za dunia, ilijengwa njia ya kilometa zipatazo 90 kutoka Kalundu, karibu na Uvira, kupita bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Shabaha ilikuwa kuliunganisha Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu. Lakini Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, na Ziwa Kivu mita 1,460. Hapo Kamanyola milima inasimama kama ukuta. Reli ikakoma chini yake, na mizigo ikapandishwa Bukavu kwa malori. Hata kabla ya uhuru wa mwaka 1960 njia hiyo ilikuwa imekwisha fungwa.

Wanafunzi na wapige hesabu. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza upesi. Kwa hiyo reli ya kawaida haipandi zaidi ya mita 20 hivi katika kila mita 1,000. Ili kupanda mita 690, yahitaji kilometa zaidi ya 34, tena kwa kuzunguka-zunguka, kujenga madaraja na kutoboa mawe. Nani atatoa fedha hizo pasipo mzigo mkubwa wa kuzirudisha?

Mahali treni inapopanda

Watu walikubali gharama hiyo katika reli ya TAZARA, itokayo Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilometa 1,860. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupeleka shaba yake baharini. China ikasaidia, kazi ilianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Sehemu iliyowatesa wajenzi zaidi ni kati ya Mlimba na Makambako. Huko treni huacha bonde la Kilombero, hupita mahandaki na madaraja marefu, likiwamo lile la mto Mpanga lenye nguzo za mita 50, na kupanda nyanda za juu. Kilele cha njia yote kipo Uyole, karibu na Mbeya, mita 1,789 juu ya bahari. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na wengine wao wamezikwa Dar es Salaam.

Mambo ya kuangalia

La kwanza, usidanganywe na mstari wa ramani. Reli ya Uganda ilifika Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori, mwaka 1956, nayo si mbali sana na kwetu. Lakini treni za abiria za huko zilikoma zamani. Hata za TAZARA zimepata kusimamishwa na kurudishwa, na mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mapatano ya kuifufua. Basi uliza stesheni kabla ya kutoa hata faranga moja.

La pili, tazama saa. Kwetu jua huchwa karibu saa kumi na mbili, na treni ipitayo milimani usiku haikuonyeshi kitu. Ulizia saa ya kufika Mlimba na Makambako. Ikiwa ni usiku, kumbuka kwamba Makambako ndipo barabara kuu inapokutana na reli. Waweza kufika hapo kwa basi na kupanda treni ya mchana, kama ipo.

La tatu, chagua majira. Mwezi wa Machi hadi Mei mvua ni nyingi, na udongo huweza kuziba njia. Julai na Agosti, wakati shule zetu zimefungwa, anga ni kavu. Lakini Makambako na Mbeya kuna baridi kali, kwa hiyo chukueni masweta.

La nne, weka siku za akiba. Abiria ni mgeni wa mizigo, na mgeni hungoja. Familia isiyo na siku nyingi itafaidi zaidi treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024. Hiyo husafiri kila siku, na karibu na Kilosa hupita katika mahandaki.

La tano, hesabuni gharama yote: mabasi ya kwenda na kurudi, vyakula, malazi, hati za safari, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Karo ya shule isiguswe. Ikiwa fedha hazitoshi mwaka huu, wekeni kidogo kidogo kwa mwaka ujao.

Safari yenye kurudi

Liko jambo lililo zito kuliko nauli. Tangu vita vilipowaka tena mwishoni mwa mwaka 2021, na hasa baada ya M23 kuingia Goma mwezi wa Januari 2025, watoto wengi wa Masisi na Walikale wamejua safari ya namna moja tu: kufunga godoro mgongoni na kukimbia bila kujua siku ya kurudi. Kwa hiyo mzazi asiwatoe jamaa nyumbani kwa ajili ya matembezi kabla ya kujua kwamba njia ya Sake ni salama, kwenda na kurudi.

Lakini kupanga hakuhitaji kungoja. Hata mwaka huu baba na mama waweza kukaa jioni pamoja na watoto, wakafungua ramani, wakahesabu kilometa na nauli, wakaandika siku ya kuondoka, na chini yake siku ya kurudi nyumbani. Na siku hiyo ya pili, mpeni mtoto mdogo aiandike kwa mkono wake.