Moyo Hauchoki kwa Siku Moja



Sisi wachungaji twaitwa mara nyingi kumzika mtu aliyekula chakula cha jioni akiwa mzima, na kabla ya jogoo kuwika akawa hayupo. Kule matangani husikika minong'ono: "Huyu karogwa." Jirani hutazamwa kwa jicho baya, na jamaa hugawanyika. Basi leo tulitazame jambo hili, maana maradhi ya moyo huanza zamani kabla ya siku ya kuanguka.

Mwaka wa 1953 madaktari wa Marekani walitoa habari za askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 22, nao walihesabiwa kuwa wazima. Lakini mioyo yao ilipopasuliwa, zaidi ya 7 katika kila 10 walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo.

Huanzaje? Mafuta hupenya katika ukuta wa mshipa na kufanya michirizi. Miaka ipitapo, michirizi yaweza kuwa uvimbe mgumu, na njia ya damu ikawa nyembamba. Uvimbe ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba mshipa. Hapo ndipo mtu huanguka ghafula.

Presha nayo huubadili moyo wenyewe. Chumba cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini, hulazimika kutumia nguvu zaidi, na ukuta wake hunenepa kama mkono wa mvuta mkokoteni. Lakini mvuta mkokoteni hulala usiku. Moyo hupiga kama mara 100,000 kila siku bila likizo. Mwishowe ukuta ule hukakamaa, usiweze kulegea vema na kupokea damu. Ndipo mtu hutweta akipanda kilima, na miguu huvimba.

Tufanyeje? Twende tukapimwe presha hata kama hatuumwi. Ikifika 140 kwa 90 tena na tena, tumsikilize daktari. Tuache sigara, tupunguze chumvi na mafuta, tutembee kwa miguu. Aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amejisikia vizuri.

Na tukiitwa tena matangani, tusimnyoshee jirani kidole. Afadhali tuwaulize watoto wa marehemu: "Je, ninyi mmepimwa lini?"