Kifundo cha Mkono katika Mpigo wa Jembe

Kiungo tunachokizungumzia ni kile kilicho baina ya kiganja na kigasha. Wapo wanaokiita kiwiko, ilhali wengine hulitumia neno hilo kwa kiungo cha katikati ya mkono. Kwa hiyo mhudumu wa afya asiandike lolote kabla mgonjwa hajagusa kwa kidole mahali panapouma.

Kifundo kina mifupa midogo minane, na miendo yake ni minne: kukunjwa kuelekea kiganjani, kupindwa nyuma, kuinamia upande wa kidole gumba, na kuinamia upande wa kidole cha mwisho. Kugeuza kiganja juu au chini hakumo, kwani mwendo huo hutoka katika mifupa miwili ya kigasha. Upande wa gumba kifundo huinama nyuzi 20 hivi. Upande wa pili hufika nyuzi 30 au zaidi.

Walimu wa gofu wameuchambua mwendo huu kwa makini. Mchezaji anapoinua fimbo, vifundo huinamia upande wa gumba. Anapoishusha, huachiliwa kwa kasi kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na nguvu iliyotoka kiunoni na mabegani hufika kwenye kichwa cha fimbo. Ufipa gofu si mchezo wetu. Hata hivyo, mkulima anayepindua nyasi kwa jembe ili ajenge ntumba, yale matuta ya mviringo ambamo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea, hufanya mwendo wa jinsi hiyo hiyo, ila yeye hupiga kutoka juu, kisha huvuta bonge la udongo lenye mizizi. Mchezaji mahiri humaliza mashimo 18 kwa mipigo 72 hivi, mingine ikiwa ya kusukuma mpira tu. Mkulima huipita idadi hiyo kabla ya chai ya asubuhi.

Maumivu ya upande wa gumba mara nyingi hutoka kwenye kano mbili zinazopita katika ala nyembamba. Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895. Mgonjwa afumbe gumba ndani ya ngumi, kisha ainamishe mkono upande wa kidole cha mwisho: maumivu makali juu ya ala hiyo huashiria ugonjwa huo. Kina mama wenye watoto wachanga huupata pia, hata wasiolima. Gango linaloshika kifundo pamoja na gumba kwa wiki kadhaa huwafaa wengi. Wasiopona huchomwa sindano ya stiroidi, na wachache hupasuliwa.

Ninalolihofia zaidi ni maumivu ya kitako cha kiganja, chini ya kidole cha mwisho, katika mkono unaoshika ncha ya mpini. Jembe likigonga jiwe, mpini hurudi kwa kishindo, na ndoano ndogo ya mfupa iliyopo hapo yaweza kuvunjika, kama inavyowapata wacheza gofu fimbo ikichimba ardhi. Eksirei ya kawaida huikosa mara nyingi, na mgonjwa huambiwa ameteguka tu. Iombwe picha inayopigwa kiganja kikiwa kimepindwa nyuma, au siti skani. Mfupa usipounga, kano za kidole cha mwisho husagika juu yake hadi zikatike, na neva iliyo jirani ikibanwa, vidole viwili vya mwisho hufa ganzi.

Chumbani mwa daktari, mpe mgonjwa mpini wa ufagio aonyeshe anavyolima, polepole, na aseme maumivu yanaanza wapi: jembe likiwa juu, linapotua, au anapovuta.