JINSI YA KUUNGANISHA RUNINGA NA INTANETI

Siku hizi runinga si ya taarifa ya habari tu. Ile iitwayo runinga janja huleta filamu na hata masomo kwa intaneti, bora iunganishwe vizuri.

Kwanza, washa ruta, ungoje taa zake zitulie. Pili, shika rimoti, fungua mipangilio, kisha uchague mtandao. Majina ya waifai za karibu yatajitokeza. Chagua la kwenu, uandike nywila. Hapo ndipo wengi hukwama, kwani herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.

Ruta ikiwa na majina mawili, jua kwamba mawimbi ya gigahazi 5 yana kasi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta wa mawe. Ya gigahazi 2.4 ni ya polepole, ila hufika mbali. Runinga ikikataa kabisa, angalia tarehe na saa yake. Zisipokuwa sahihi, programu nyingi hugoma.

Je, wasio na ruta? Simu ya mzazi yaweza kufanya kazi hiyo. Lakini jihadharini! Filamu ya HD yaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa moja. Bando ya wiki yaweza kwisha kabla ya filamu kwisha, na mama anayepokea oda za mboga kwa simu hiyo atauzaje? Punguza ubora wa picha kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza!