Simu imejaa mabeshte, mbona roho ni tupu?

UNAJUA mtu usiyewahi kukutana naye alikula nini Diani wikendi, lakini hujui kama mwenzako wa chumbani amekula leo. Hayo ndiyo maisha ya hosteli nyingi za vyuo vikuu siku hizi. Watu wanne chumba kimoja, bando la usiku linateketea, na hakuna anayeongea.

Tusidanganyane, kuiweka simu chini ni ngumu, na si kwa sababu wewe ni mzembe. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho. Ukifika chini, unabonyeza ndipo uone zaidi. Mwaka wa 2006, Mmarekani Aza Raskin akabuni mbinu ya kufanya ukurasa ujifungue wenyewe kila unaposukuma kidole. Baadaye alisema hadharani kwamba anajuta.

Lakini shida si muda pekee, ni kile unachoona. Pesa za HELB zimechelewa, umekula chapati moja tangu asubuhi, na supu ya hesabu inakungoja. Halafu mwenzako wa darasa yuko ufuoni, mwingine amenunua gari, mwingine ameposwa. Karatasi za supu hakuna anayezipakia! Unapima msoto wako mzima kwa dakika moja tamu ya mtu mwingine, dakika ambayo huenda aliilipia kwa mkopo. Fanya hivyo mara mia kwa siku uone kama roho haitachoka.

Je, ukipunguza itasaidia? Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 143. Kundi moja liliendelea kama kawaida. Jingine liliwekewa dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao: Facebook, Instagram na Snapchat. Baada ya wiki tatu, upweke ulikuwa umepungua kwa waliowekewa kikomo, na walioanza wakiwa na huzuni nyingi walipata nafuu zaidi.

Zingatia kwamba hawakuambiwa waache kabisa. Hilo linatufaa, maana kwetu kuacha ni ndoto. Mhadhiri akiahirisha kipindi anatangaza kwenye WhatsApp, na anayesuka nywele au kuuza mitumba ili alipe kodi, wateja wake wako Instagram.

Kwa hivyo punguza pale panapouma. Weka kikomo cha muda kwenye mipangilio ya simu. Zima arifa, ubakishe za watu unaowajua. Wanyamazishe wale ambao ukiona picha zao unajichukia, hata wakiwa mabeshte. Hawatajua. Usiku chaji simu mbali na kitanda, na ukila, kula na mtu.

Sasa, kama huzuni haiondoki hata simu ikiwa imezimwa, hulali, umeacha kwenda darasani, au unawaza kujidhuru, hilo si suala la bando tena. Mwone mshauri wa wanafunzi chuoni, au piga 1199, nambari isiyolipishwa ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Huhitaji kusubiri hadi mambo yaharibike kabisa ndipo uombe msaada.