Siri unayomwachia mgeni njiani: somo la Strangers on a Train

Leo tuzungumzie hadithi moja ya kutia hofu ambayo imepita miaka 70, lakini ukiisoma utasema imeandikwa juu ya maisha yetu ya sasa. Kwa Kiingereza inaitwa Strangers on a Train. Wale wanaosoma na kuangalia filme kwa Kifaransa wanaijua kwa jina la L'Inconnu du Nord-Express. Swali lake ni hili: juu ya nini mtu anaficha siri kwa ndugu zake, kisha anaimwaga mbele ya mtu ambaye hamjui hata jina? Na ikishamwagika, inabaki ya nani?

Hadithi yenyewe

Patricia Highsmith, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1921, aliitoa mwaka 1950. Ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Mwaka 1951 Alfred Hitchcock akaitengeneza filme.

Guy Haines, kijana ambaye kazi yake ni kuchora ramani za majengo, yuko ndani ya treni, anaenda Texas. Ana mzigo moyoni. Bibi yake Miriam, waliyeachana naye bila talaka, ana mimba ya mwanaume mwingine, na Guy anataka amuoe Anne. Mbele yake anakuja kukaa kijana mwingine, Charles Bruno, mtoto wa tajiri, mlevi, anayemchukia baba yake kabisa. Bruno njo anaanza mazungumzo. Anatoa siri za kwao bila kuulizwa, anaagiza chakula na pombe, anauliza hiki na kile. Kidogo kidogo Guy naye anafunguka, mpaka habari za Miriam zinatoka.

Hapo Bruno anatoa mpango: mimi niue bibi yako, wewe uue baba yangu. Polisi inatafuta kila mara mtu mwenye sababu ya kuua. Sasa sisi wawili hatujuani, nani ataona kamba inayotuunganisha? Guy anachukizwa, anakataa, anashuka kwenye treni. Anafikiri mambo yameishia pale.

Kumbe mwenzake anaenda kweli. Anamfuata Miriam mpaka kwenye uwanja wa michezo na bembea, anamnyonga. Kisha anamrudilia Guy: nimefanya sehemu yangu, bado yako.

Juu ya nini tunafunguka kwa wageni?

Usimcheke Guy haraka. Mjerumani Georg Simmel, mmoja wa waanzilishi wa sosiolojia, aliandika tangu 1908 kwamba mgeni mara nyingi anapewa siri ambazo watu wa karibu wanafichwa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Mmarekani Zick Rubin alitoa uchunguzi uliofanywa kwa watu waliokuwa wakingojea ndege. Ulionyesha jambo ambalo sisi wote tunalihisi: mgeni akikuambia jambo la moyoni, na wewe unajikuta unamrudishia la kwako. Ni kama zawadi. Ukipokea, unaona haya kubaki mikono mitupu.

Hata kwetu iko vile. Safiri usiku kwa boti kutoka Goma kwenda Bukavu. Ikifika saa saba ya usiku, jirani yako amekwisha kukueleza habari za ndoa yake, za deni, za mtoto aliyemkana. Hutamuona tena, njo maana anaeleza. Hana hofu kwamba kesho utamkuta mama yake sokoni.

Lakini hesabu hiyo ina shimo. Ndugu au jirani anayejua siri yako, kuna vitu vingi vinavyomzuia: undugu, wazee, aibu, na yeye pia ana siri ambazo wewe unazijua. Mgeni hana hata kizuizi kimoja. Kile kinachofanya tumuone hana hatari, kwamba hajui watu wetu, njo kile kile kinachomfanya awe hatari. Hakuna mzee utakayeenda kumshitaki kwake.

Siri ya pili njo mtego

Guy hakusema ndiyo. Lakini baada ya Miriam kufa, hakwenda kusema kwa polisi. Aliogopa, kwa sababu kifo kile kilimfungulia njia ya kuoa, na kila mtu angesema amemtuma muuaji. Angalia vizuri hapa. Siri ya kwanza, chuki juu ya bibi yake, ilikuwa yake peke yake, na haikuwa kosa la jinai. Siri ya pili, kunyamaza, sasa ni ya watu wawili. Bruno anaishika upande mmoja, Guy upande mwingine, na kila siku inayopita bila kusema inakaza kamba. Barua zinakuja, vitisho vinakuja. Katika riwaya Guy anachoka, anaenda kumuua baba ya Bruno kweli. Hitchcock alibadilisha: katika filme Guy ni mchezaji wa tenisi, naye haui mtu.

Sisi wasomaji tunatetemeka kwa sababu tunajua yote tangu mwanzo. Hatuulizi nani ameua. Tunauliza: atasema lini?

Mwishoni mwa riwaya, Bruno amekwisha kufa majini, na Guy hawezi tena kubeba mzigo. Anaenda kuungama kwa nani? Kwa mwanaume wa zamani wa Miriam, mtu ambaye karibu hamjui. Tena kwa mgeni! Yule hata hajali sana. Lakini mkono wa telefone haukukatwa, na mpelelezi anasikia kila neno.

Sisi tunapata nini humo?

Leo treni ile iko mfukoni mwetu. Kijana amemaliza masomo, anatafuta kazi mwaka wa pili, usiku anaandikiana na mtu asiyemjua. Yule anaanza kueleza shida zake. Anachukia wale ambao unawachukia. Anajifanya ana dawa ya tatizo lako. Kisha anasema: hii ibaki kati yetu. Ukiona hatua hizo nne zinafuatana, ujue uko umekaa mbele ya Bruno.

Sisemi tusiongee na wageni. Moyo unahitaji kupumua, na wageni wengi ni watu wazuri. Lakini eleza maumivu yako bila kutaja majina, picha wala makao ya watu. Mtu akikupa shauri baya, usicheke tu ukanyamaza kwa adabu. Sema hapana yenye kusikika, maana kuna watu ambao kimya chako wanakihesabu kama ndiyo.

Na kama mtu amekwisha kukushika kwa siri, picha au maneno uliyomtumia, na sasa anakudai pesa ao mwili, usimlipe kwa siri nyingine. Mara anapokutishia, tafuta mtu mmoja unayemwamini, dada mkubwa, mjomba, mwanasheria, umueleze yote, na meseji zile usizifute. Aibu ya siku moja inapona. Guy alikuwa na Anne aliyempenda. Angemueleza siku ile Bruno alipokuja na dai lake, kamba ingekatika pale pale.