Je, Wajua? Dalali wa Dawa Asiyeonekana

Nchini Marekani, kati ya cheti cha daktari na chupa ya vidonge amekaa dalali ambaye mgonjwa hamwoni: kampuni inayosimamia mafao ya dawa kwa niaba ya bima. Je, wajua kwamba:

• Kampuni tatu tu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hupitisha karibu asilimia 80 ya vyeti vya dawa vya nchi nzima? Na kila moja ni ndugu wa kampuni kubwa ya bima.

• Dalali huyu ndiye hupanga dawa ipi ilipiwe na duka lilipwe kiasi gani? Watengenezaji humrudishia sehemu ya bei ili dawa zao ziingie kwenye orodha yake. Bei ikipanda, marejesho hunenepa. Anayeumia ni mgonjwa anayelipa kwa bei ya juu.

• Mwaka 2018 mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Ohio aligundua kuwa katika Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo, madalali walibaki na dola milioni 224.8 kwa mwaka mmoja? Walitoza zaidi ya walichoyalipa maduka ya dawa.

• West Virginia iliwaondoa madalali kwenye Medicaid yake mwaka 2017 na kuanza kusimamia dawa yenyewe?

• Arkansas ilitunga sheria mwaka 2015 ili duka lisilipwe chini ya bei liliyonunulia dawa? Chama cha madalali kilikwenda mahakamani. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa ushindi kwa jimbo, majaji 8 kwa 0.

• Mwaka 2025 jimbo hilohilo lilikuwa la kwanza kuwakataza madalali kumiliki maduka ya dawa? Jaji wa shirikisho aliizuia sheria hiyo Julai, kabla haijaanza kutumika.

• Mikataba ya madalali iliwahi kumziba mfamasia mdomo? Alijua kuwa kulipa taslimu, bila bima, kungekuwa nafuu, lakini alikatazwa kumwambia mgonjwa. Majimbo yalianza kupiga marufuku jambo hilo. Oktoba 2018 sheria ya taifa ikafuata.

Una ndugu huko? Mwambie aulize dirishani kila mara: “Nikilipa taslimu ni kiasi gani?” Leo mfamasia yuko huru kumjibu.